Shahidi Anasonya

Wewe unayesoma, jifanye umekaa nami hapa barazani kwangu Mkonze, mgongo umeuegemeza ukutani na kikombe cha chai kiko mkononi. Sitakuchosha na habari za babu zangu wala za shule nilizosoma. Hizo kila mtu anazo za kwake. Nataka kukusimulia mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo neno moja nililolitamka mahakamani nikiwa na miaka ishirini na moja. Nitakwenda polepole. Pale sheria itakapoingia nitasimama nieleze, kwa sababu na mimi nilielezwa, na aliyenieleza tumemzika Jumamosi iliyopita.

Msiba ulikuwa mkubwa. Turubai tatu, viti vya kukodi, na upepo wetu wa Dodoma ukizivuta kamba kama ndama aliyefungwa. Msoma wasifu alisoma vizuri, bila haraka: wakili wa miaka mingi, mbunge vipindi viwili, kisha Jaji mpaka alipostaafu. Nyuma yangu wazee wawili walianza kubishana kwa sauti ya chini. "Bungeni ndiko alikong'ara huyu," mmoja akasema. "Bungeni? Bungeni walikuwa wanasinzia wote. Ujaji ndiyo kazi aliyoumbiwa." "Wewe ulimwona lini akiwa jaji?" "Si alinihukumu!" Wakacheka, mama mmoja akageuka akawakazia macho, nami nikacheka ndani ya kanga yangu. Marehemu mwenyewe, Jaji Malogo, angecheka pia. Lakini nilipokuwa nasikiliza wasifu ule, nilijikuta nangoja jambo moja litajwe, nikijua kabisa kwamba halitatajwa. Wasifu huhesabu vyeo. Mimi nilimfahamu kabla ya vyeo viwili vya mwisho, mwaka ambao alikuwa wakili tu, ana suti moja ya kaki, anataka ubunge, na mwanamke mmoja mjane amekuja kumharibia hesabu zake za kura.

Mwaka ule nilikuwa karani wa muda katika mahakama ya mwanzo, nje kidogo ya mji. Mahakama ya mwanzo ni ile ngazi ya chini kabisa, mlango wa kwanza ambao mwananchi anaugonga. Enzi hizo wakili hakuruhusiwa kusimama humo. Kila mtu alijitetea kwa mdomo wake mwenyewe. Chumba chetu kilikuwa na paa la bati, madirisha mawili yasiyo na vioo, mabenchi sita, na jukwaa la saruji lenye urefu wa kiganja ambapo hakimu aliketi na washauri wawili, wazee wa pale pale wanaomsaidia kupima shauri. Hakimu wetu alitoka pwani. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuona, na hasira fupi iliyopanda pamoja na jua. Aliandika mwenyewe kila kilichosemwa. Mimi niliita mashauri, nilitunza majalada, nilipiga chapa nakala, na mtu alipokwama katika Kiswahili nilimtafsiria Kigogo chake. Hii ndiyo ilikuwa fahari yangu. Hakimu akikwama, alinigeukia mimi. "Binti, anasemaje?" Nami nilikuwa na jibu siku zote. Kumbuka hilo la jibu siku zote, kwa maana ndipo kosa lilipozaliwa.

Asubuhi moja niliita shauri la shamba. Mdai alikuwa Mama Agnesi, Msandawe, mjane wa makamo, mwembamba, kichwani kilemba cheusi cha eda kilichokuwa kimeanza kupauka. Alikuwa ametoka kwao, upande wa Kwa Mtoro, akiwa msichana, akaolewa na Mgogo wa eneo letu. Mdaiwa alikuwa shemeji yake, Mzee Mazoya, mdogo wa marehemu na balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama kwa kaya kumi za jirani, mtu wa kofia na bakora. Mgogoro wenyewe ulikuwa rahisi kueleweka. Mama Agnesi alisema yeye na mumewe walifyeka pori wakapata shamba lile, wawili tu, kwa shoka. Mazoya alisema shamba lilifyekwa na baba yao, mwanamke alilikuta, na sasa ndugu yake amekufa linarudi kwa ukoo. Aliyefyeka ndiye mwenye shamba. Hilo hata washauri hawakubishana nalo. Swali likawa nani alifyeka. Na shamba lile la uwele na karanga ndilo lililokuwa likimlisha Mama Agnesi na wajukuu wawili. Hakuwa na jingine.

Hakimu akamuuliza, "Kama ulifyeka wewe, mipaka unaijua. Itaje." Mama Agnesi akafumba macho. Akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, vidole vikaanza kutembea hewani kama mtu anayepita shambani kwake. "Mpaka unaanzia kwenye..." akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, kisha akatoa sauti. Ulimi uligonga nyuma ya meno, ukavutwa, pakatoka mlio mkavu, ukifuatiwa na neno fupi. "Unashuka mpaka kwenye..." mlio tena. Watu wa mabenchini wakaanza kunong'ona. Kama unatoka mahali ambapo jambo hili halijulikani, nikueleze: kwetu, kumsonya mtu ni tusi. Unavuta mate na hewa kati ya ulimi na meno, unatoa msonyo, na aliyesonywa anajua umemhesabu si kitu. Mtoto akimsonya mkubwa anachapwa. Mke akimsonya mkwe, vikao vinaitwa. Basi fikiria mtu anatoa mlio kama huo mbele ya hakimu.

Mzee Mazoya akasimama na bakora yake. "Mnamwona? Ndivyo anavyotufanyia hata nyumbani. Anamsonya mheshimiwa mchana kweupe!"

"Kaa chini," hakimu akamwambia, lakini uso ulikuwa umeshabadilika. Akanigeukia. "Binti, nini hicho anachofanya?"

Sikujua neno hata moja la Kisandawe. Nilikuwa nimesikia kwamba lugha yao ina milio, kama wote tulivyosikia, kwa mizaha ya sokoni. Lakini sikuwahi kukaa na mtu nikaisikiliza. Jibu la kweli lilikuwa dogo sana: sijui. Lakini chumba kizima kilikuwa kinanitazama, na mimi nilikuwa binti mwenye jibu siku zote. Nikasema, "Anasonya, mheshimiwa."

Akaandika. Mama Agnesi, macho bado yamefumbwa, aliendelea na safari yake ya vidole, na kila alipotoa mlio hakimu aliandika. Alipofumbua macho alikuta amekwisha kuhukumiwa. Siku tatu mahabusu kwa kuidharau mahakama, na wiki iliyofuata hukumu ya shamba ikasomwa: shahidi huyu ni mtu wa kiburi, mipaka hakuitaja, haaminiki. Shamba likaenda kwa Mazoya. Siku ile ya kwanza, alipokuwa anatolewa mlangoni kupelekwa mahabusu, Mama Agnesi aliniuliza mimi, si hakimu, "Mwanangu, nimekosea wapi?" Nikajifanya napanga majalada.

Kama mwezi mmoja baadaye Wakili Malogo alifika dirishani kwangu. Nilimwamkia, "Shikamoo Mzee," ingawa hakuwa mzee bado, alikuwa na miaka arobaini hivi. Akaitikia, akaniongezea salamu yetu ya Kigogo, "mbukwa", kisha akaomba nakala ya shauri la Mama Agnesi kwa ajili ya rufaa mahakama ya wilaya, ambako wakili aliruhusiwa. Nilikuwa nimekwisha kuipiga chapa. Aliisoma pale pale amesimama, jua likimchoma kisogo, na aliposoma ukurasa wa nne akaurudisha kwangu.

"Hebu nisomee hapa kwa sauti. Macho yangu mabovu."

Macho yake hayakuwa mabovu hata kidogo. Nikasoma: "Mpaka unaanzia kwenye, shahidi anasonya, unashuka mpaka kwenye, shahidi anasonya, unakata kushoto unafika kwenye, shahidi anasonya..."

"Mara ngapi?"

"Saba, Mzee."

"Wewe umewahi kumsonya mtu mara saba mfululizo? Mdomo hauchoki?" Hakucheka. "Na sikiliza vizuri unachosoma. 'Unafika kwenye', halafu anasonya. 'Unashuka mpaka kwenye', halafu anasonya. Mtu mwenye hasira anasonya mwisho wa maneno. Huyu anasonya pale jina lilipotakiwa kukaa. Wewe ulikuwepo. Ulisikia nini?"

"Sijui, Mzee."

Akaikunja nakala. "Hilo 'sijui' lingefika siku ile, mwanangu, mama huyu angelala kwake." Akaondoka. Hakuniomba kitu. Maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa sato wa bwawa la Mtera.

Nilijitetea moyoni kwa siku kadhaa. Hakimu ndiye aliyeandika. Mazoya ndiye aliyeanza. Kisha Jumapili, sokoni, nikiwa nachagua nyanya, nilisikia milio ile nyuma yangu. Nikageuka. Mama Agnesi alikuwa amesimama na mwanamke mwingine mwenye kibuyu cha asali, wameshikana mikono yote miwili, hawaiachii, wanaulizana jambo na jingine, na katikati ya maneno yao ile milio ilikuwa inaruka kama karanga kwenye kikaango. Walikuwa wanacheka. Mwenzake alisema jambo, pengine la mume wa mtu, Mama Agnesi akajipiga paja akatoa milio mitatu kwa mpigo na kicheko juu yake. Walikuwa wanasalimiana tu. Nilisimama pale na nyanya mkononi mpaka muuzaji akaniambia, "Dada, unanunua au unazikariri?" Nikaziacha. Nilikwenda moja kwa moja hadi ilipokuwa ofisi ya wakili, nikakumbuka kuwa ni Jumapili, nikarudi tena Jumatatu saa ya chakula.

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani. Cha mbele kilikuwa na benchi, mashine ya chapa, na mtungi wa maji uliofunikwa kwa kitambaa. Cha nyuma meza yake na vitabu alivyovifunika kwa karatasi za kaki kama daftari za shule. Katikati pazia, si mlango. Nilimkuta anakula ugali wa uwele na mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, ambao mkewe alikuwa ameutuma kwenye bakuli. Akanawa, akanisogezea bakuli. "Kula kwanza. Mtu mwenye njaa hutia chumvi kwenye maneno." Nikala. Mlenda ukanivutika hadi kidevuni, akanitazama, akasema, "Hata huo unahitaji mkalimani," nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hukumu nikacheka. Kisha nikamweleza yote: nilichoulizwa, nilichojibu, nilichokijua na nisichokijua.

Naye akanieleza jambo ambalo mawakili wengi wasingelieleza. "Ninachohitaji ni hati ya kiapo. Yaani karatasi ambayo unaapa kwamba haya ni kweli, unasaini, nami naipeleka mahakama ya wilaya. Bila hiyo, mimi nabaki mtu anayebahatisha. Lakini nisikilize. Mimi ni wakili wa Mama Agnesi, si wako. Karatasi hii ni faida yake, na inaweza kuwa hasara yako. Nenda ukafikiri. Usifikiri hapa, mbele yangu, maana mimi naitaka."

Nilimweleza hakimu wangu kabla ya kusaini. Niliona si haki asikie kutoka kwa wengine. Alikuwa anachonga penseli. Hakupandisha sauti. "Wewe ni karani wa muda," akasema. "Ukisaini hiyo karatasi umesema kwamba mahakama yangu haikusikia. Basi kesho usije." Simchukii. Aliandika alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Lakini nilipotoka pale nilikuwa nimekwisha kuamua, na nataka nikuambie uamuzi ulivyokuja, kwa sababu watu huniuliza nilipata wapi ujasiri. Haukuwa ujasiri. Nilihesabu tu. Mimi nikikosa kazi nitatafuta kibarua kingine. Mama yule akikosa shamba, hakuna mtu atakayempa jingine. Nilisaini siku ile ile, na saini yangu ya kiapo hadi leo ndiyo mbaya kuliko zote nilizowahi kuweka. Keshoye sikuwa na pa kwenda. Wakili Malogo alinionyesha mashine ya chapa ya chumba cha mbele. "Mimi silipi kama serikali," akasema, "lakini mlenda upo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika chumba kile, na kutoka pale, kupitia pazia, nilisikia siasa kwa mara ya kwanza. Malogo alitaka kugombea ubunge mwaka ule ule. Siku moja waliingia wanaume watatu, Mazoya akiwa mmoja wao. Walikunywa chai bila sukari, maana sukari ilikuwa imeadimika mjini, wakazunguka kwa maneno weee, kisha mmoja akafika kwenye jambo lenyewe.

"Wakili, sisi tunakupenda. Wewe mtoto wa nyumbani. Lakini mtoto wa nyumbani anamtetea mgeni dhidi ya nyumbani?"

"Mgeni yupi?"

"Si huyo Msandawe."

"Huyo ameishi hapa miaka mingi kuliko nyinyi mlivyoishi na wake zenu wadogo."

Wawili wakacheka. Mazoya hakucheka. "Kwangu kuna nyumba kumi," akasema. "Kwa mwenzangu kumi. Tuko mabalozi wengi. Wajumbe wa mkutano wa kuteua wagombea tunawajua kwa majina, na majina ya watoto wao."

Niliacha kupiga chapa ili nisikie vizuri, na kwa kuacha wakajua nasikiliza. Kisha nikamsikia Malogo akijibu, taratibu, bila kiburi. "Mzee Mazoya, mimi nautaka ubunge, sitakudanganya. Nautaka sana. Lakini mama yule alikuja kwangu kabla yenu. Nikimwacha leo kwa sababu ya kura, kesho na wewe ukija na shida yako nitakuacha kwa sababu ya kura za mwingine. Utampigia kura wakili wa namna hiyo?" Mazoya akasimama. "Hatutakupigia wa namna yoyote," akasema, na bakora ikagonga sakafu hadi nje. Malogo akaja upande wangu wa pazia, akachukua maji mtungini, akanywa. "Endelea kuchapa," akaniambia. "Ukurasa wa pili una makosa."

Hakimu wa wilaya, mama mmoja mtulivu wa miwani mizito, alisoma hati yangu, akasikiliza pande zote mbili, akaamua jambo la busara: twendeni shambani. Aliitwa mwalimu wa shule ya msingi, Msandawe, aapishwe kuwa mkalimani. Tukaenda asubuhi, kabla jua halijakomaa, mahakama nzima kwa miguu kwenye mabua ya uwele yaliyokwisha kuvunwa, viatu vya hakimu vikijaa mchanga. Mazoya alitangulizwa aonyeshe mipaka. Alionyesha mitatu: mgunga mkubwa, njia ya ng'ombe, na korongo. Yeyote angeiona kutoka barabarani.

Kisha ikawa zamu ya Mama Agnesi. Alifumba macho kwanza, kama siku ile. Akafumbua, akaanza kutembea. Akatamka jina la mpaka wa kwanza, ule mlio ndani yake. Mwalimu akatafsiri: "Anasema, penye mti tuliotundika mzinga wa kwanza." Tukatazama juu, alama ya kamba ilikuwa bado imekata gome la tawi. Mlio mwingine, na mwalimu: "Kichuguu kilichomuuma mume wangu." Watu wakacheka, na kichuguu kilikuwepo. Wa tatu, wa nne. Mimi niliandika kwa ajili ya Malogo, na kila nilipoandika jina nilikuwa najua ni mstari gani wa ukurasa wa nne unaojaa. Kwenye mpaka wa tano akasimama mahali patupu, penye tuta jipya la Mazoya. "Jiwe la kunolea shoka," mwalimu akatafsiri.

Hapakuwa na jiwe.

"Liko wapi, mama?" hakimu akauliza.

Mama Agnesi aligeuka kulia, akageuka kushoto. Alirudi nyuma hatua nne, akazihesabu tena mbele. Mazoya akasema kwa sauti ya kusikika, "Sasa asonye tena tuondoke." Hakuna aliyecheka. Malogo alikuwa amesimama kando yangu, hasemi neno, maana sheria haikumruhusu kumsaidia shahidi, na nilimwona anatafuna ndani ya shavu lake. Mama Agnesi akapiga magoti. Akaanza kuchimba tuta kwa mikono, kama mbwa anavyochimba, bila aibu, kilemba kikamdondoka, mchanga ukaruka hadi kwenye sketi ya hakimu. Mkono ukazama hadi kiwiko. Kisha akaacha. Akasogeza mchanga kwa viganja, polepole sasa, na chini ya mchanga likaonekana jiwe jeusi, bapa, lenye mifereji miwili ya kunolea, iliyolika kwa kina cha kidole. Mifereji miwili, kandokando. Hakimu akainama, akavua miwani, akaweka kidole katika mfereji mmoja.

"Miwili ni ya nini?"

Mama Agnesi alijibu kwa Kiswahili, hakungoja mkalimani. "Mmoja wake. Mmoja wangu."

Hakimu akamgeukia Mazoya. "Mzee, jiwe hili ulikuwa unalijua?" Mazoya akatazama korongo. Mpaka wa sita na wa saba tulimalizia kwa ajili ya utaratibu tu. Wiki mbili baadaye shamba lilirudi kwa Mama Agnesi, na ile adhabu ya mahabusu ikafutwa kwa maandishi, ingawa siku tatu za mtu huwezi kumrudishia. Hakimu wa wilaya aliandika sentensi moja ambayo Malogo alinifanya niikariri: mahakama haiwezi kusema shahidi hakutoa ushahidi, ikiwa ni mahakama ndiyo haikuelewa.

Mkutano wa kuteua wagombea ulifanyika baadaye mwaka huo. Malogo hakupita. Alipata kura chache kiasi kwamba alizitaja kwa majina ya waliozipiga. Alirudi ofisini mchana, akavua koti, akaita mteja aliyefuata. Nilitaka kumwambia pole, nikasema, "Mzee, ungemwacha yule mama ungepita." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ningepita, halafu ningekwenda bungeni kusema nini?" Miaka mitano baadaye aligombea tena, akapita, na miongoni mwa waliompigia walikuwamo, nimeambiwa, baadhi ya watu wa nyumba kumi za Mazoya. Ujaji ulikuja baada ya hapo. Niliwahi kuketi benchi la nyuma katika mahakama yake siku moja, yeye hajui. Shahidi mmoja alisema neno kwa lugha ya kwao, karani akatafsiri haraka haraka, na Jaji akainua kalamu asiandike. Akamwuliza karani, "Umesikia, au umedhani?"

Watu wanaposema kwamba mtu ni wakili mzuri, mbunge mzuri, jaji mzuri, wanasema kana kwamba ni watu watatu. Mimi nilimwona ni mmoja, na nilimwona katika kazi ndogo ambayo wasifu hautaitaja. Kila mteja aliyekuja chumba cha mbele, awe Mgogo, Mrangi, Msandawe au mgeni wa mji, Malogo alinitaka niandike maneno yake, kisha nimsomee yote tangu mwanzo kabla hajaweka dole gumba. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Wazee walikuwa wananikatiza: "Hapana, sikusema kaka yangu, nilisema mtoto wa baba mdogo." "Hapana, si jana, ni juzi." Kila siku palikuwa na angalau mmoja. Kila siku, mwaka mzima. Nimefanya kazi ya ukarani na ukalimani kwa miaka thelathini na zaidi baada ya hapo, nimestaafu nayo, na sikupata siku hata moja ambayo kusoma tena hakukurekebisha kitu.

Wewe huenda si karani. Lakini siku moja utaandika maneno ya mtu mwingine: barua ya jirani asiyejua kusoma, maelezo ya mgonjwa wako, ujumbe wa simu wa mama yako kwa wadogo zako. Pale usipoelewa, sema sijui. Ukimaliza kuandika, usikimbilie saini. Msomee aliyesema, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti, kisha mwulize: ndivyo ulivyosema? Na akisema hapana, futa, uandike upya.